Kabla ya Kubadilisha Inverta: Kupima Hitilafu za Umeme Mkubwa kwenye Gari la Haibridi

Toyota Prius na Aqua, magari ya haibridi yenye injini ya mafuta na mota za umeme, zimejaa Kampala. Zinashushwa Mombasa, zinapita Malaba au Busia, na nyingi zikifika huku tayari zimetembea miaka kumi au zaidi kwenye barabara za Japani. Sheria yetu inakataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo yanayoingia kwa wingi ni yale yanayokaribia umri huo, na mfumo wa umeme mkubwa unaingia nao ukiwa mzee vilevile. Taa nyekundu ya pembetatu ikiwaka, mwenye gari huambiwa neno moja tu: inverta. Anaelekezwa Kisekka, kwenye soko la vipuri, kutafuta iliyotumika, anailipia, inafungwa, na baada ya wiki chache taa inarudi palepale.

Hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi inverta ya kwanza ilikuwa nzima, au iliungua kwa sababu ambayo bado imo ndani ya gari ikiingojea ya pili. Inverta ipimwe, isibahatishwe. Na hata vipimo vikisema imeungua, kitafutwe kilichoiunguza kabla nyingine haijafungwa. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, kuanzia vipimo visivyohitaji kufungua kitu chochote. Mifano yangu ni ya Toyota, kwa kuwa ndizo nyingi gereji. Magari ya kampuni nyingine yana namba zake na mpangilio wake, lakini njia ya kufikiri ni hiihii.

Kilichomo ndani ya lile boksi la alumini

Ukifungua boneti utaliona boksi lenye kebo nene za rangi ya chungwa: hiyo ndiyo inverta. Ndani yake kuna kazi nne, na fundi asiyezitenganisha kichwani hawezi kuzitenganisha kwenye gari.

Kazi ya kwanza ni kupandisha volti. Betri kubwa ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina volti 201.6, ya Aqua ina 144. Mota inahitaji zaidi ya hapo, kwa hiyo kuna sehemu ya kupandisha volti inayoweza kufika 500 kwenye Prius ya pili, 650 kwenye ya tatu, na 520 kwenye Aqua. Kazi ya pili na ya tatu ni kuugeuza umeme huo wa DC (mkondo wa upande mmoja) kuwa AC (mkondo geu) ya fezi tatu kwa ajili ya mota mbili zilizomo kwenye gia boksi. MG1 huwasha injini na kuchaji. MG2 husukuma magurudumu, na gari likipunguza mwendo hurudisha umeme kwenye betri. Kila mota ina transista zake sita za kuiendesha. Kazi ya nne ni ya DC/DC, inayoshusha volti kubwa hadi 14 hivi ili kuchaji betri ndogo ya volti 12. Magari haya hayana alteneta, na nimewaona mafundi wazuri kabisa wakiitafuta.

Pamoja na hayo kuna kapasita kubwa zinazotunza umeme hata gari likiwa limezimwa. Hizo ndizo zinazoua.

Usalama, kabla ya spana

Sitaiharakisha sehemu hii. Volti 500 za DC hazikupi nafasi ya pili.

Usiguse kebo ya chungwa kama huna glavu za mpira za daraja 0, zile za kuhimili volti 1000. Kila siku kabla ya kuzivaa, zikunje kuanzia kwenye mkono kuelekea vidoleni uone kama hewa inavuja. Tundu dogo kama la sindano linatosha kukumaliza. Vua saa, pete, bangili na mkufu. Mita iwe ya daraja la usalama la CAT III, volti 1000, na nyaya zake zisiwe zimechubuka. Usifanye kazi hii peke yako gereji usiku, na mwenye kifaa cha moyo kifuani asikaribie kabisa.

Utaratibu wa kukata umeme ni huu. Zima gari, toa ufunguo uupeleke mbali, maana ufunguo wa kisasa ukiwa mfukoni mwako karibu na gari mtu anaweza kubonyeza POWER. Kama hujasoma misimbo ya hitilafu, isome kwanza, kwa sababu kuondoa betri ndogo kunaweza kuifuta. Kisha fungua hasi ya betri ndogo. Vaa glavu, uchomoe plagi ya usalama ya rangi ya chungwa iliyo nyuma ya gari karibu na betri kubwa, uitie mfukoni mwako mwenyewe wala si juu ya meza. Subiri dakika 10 kamili kwa saa. Ndipo ufungue kifuniko cha inverta na kupima kati ya chanya na hasi za kebo ya betri kubwa: iwe 0.

Kuna jambo moja linalorukwa. Kabla ya kupima hiyo 0, ijaribu mita yako kwenye betri yoyote ya volti 12 uone inasoma, pima inverta, kisha rudi tena kwenye ile betri ya 12. Mita iliyokufa nayo inasoma 0.

Na plagi ikiwa imechomolewa, mtu asijaribu kuliwasha gari kuingia READY, yaani hali ya kuwa tayari kutembea.

Anza na maneno ya mwenye gari

Kaa naye dakika chache. Muulize taa iliwaka wapi na kabla yake kulitokea nini. Majibu yake yanafupisha kazi.

Akisema mvua ilinyesha, akapita kwenye maji pale Clock Tower au Bwaise, fikiria umeme unaovujia bodi kwa sababu ya maji kwenye konekta. Akisema ilikuwa kwenye mlima, tuseme anapanda kutoka Kabale kwenda Kisoro, kisha gari likapoa na kurudi sawa, fikiria upoozaji. Akisema jana alipeleka gari kuongezwa gesi ya AC, yaani kipoza hewa cha ndani ya gari, muulize waliweka oili gani. Akisema betri ndogo iliisha na jirani akamsaidia kuwasha kwa nyaya, muulize kwa upole kama nyaya ziligusishwa kinyume, kwa sababu kugeuza chanya na hasi kunaunguza fyuzi kubwa ya DC/DC, na wakati mwingine DC/DC yenyewe. Akisema gari limetoka kusafishwa betri kubwa, nenda moja kwa moja kwenye ile plagi ya chungwa.

Hajati mmoja wa Bombo aliniletea Aqua ikiwa juu ya brekidauni. Haikuingia READY. Akasema, “Fundi, nimeambiwa inverta imekufa, ninunue nyingine.”

Nikamwuliza, “Hajati, nani aliipima?”

“Hakuna aliyepima, mwanangu. Walisoma kwenye simu tu.”

Msimbo ulikuwa P0A0D, ambao unahusu saketi ya usalama inayopita kwenye plagi na vifuniko vya umeme mkubwa. Betri yake kubwa ilikuwa imetoka kusafishwa feni, na mpini wa plagi ulikuwa umeingizwa lakini haukufungwa hadi mwisho. Mpini huo una miendo zaidi ya mmoja: unaingiza, unaulaza, halafu unausukuma hadi ujifunge. Mwendo wa mwisho ukiachwa, gari linakataa kuwaka. Inverta haikuguswa, na Hajati aliondoka akiliendesha gari lake.

Betri ndogo

Kabla ya kitu chochote pima betri ya volti 12. Ikiwa imepumzika isome karibu 12.6. Ikiwa chini ya 12, ichaji au uazime nzima kabla ya kuendelea, kwa sababu kompyuta zote za haibridi zinalishwa na betri hii, na ikilegea zinatoa misimbo mingi isiyo na uhusiano, mingine ikiitaja inverta. Angalia na vichwa vyake. Betri nyingi zinazouzwa hapa zina vichwa vinene kuliko vya Kijapani. Fundi analazimisha, kichwa kinalegea, na gari linazima kwenye shimo.

Kisha gari likiwa READY, pima betri hiyohiyo. Ikiwa kati ya 13.5 na 14.5, DC/DC inafanya kazi. Ikibaki 12 na kitu ikiendelea kushuka, DC/DC haichaji: kagua fyuzi yake kubwa kwanza, halafu waya unaotoka kwenye inverta kuja kwenye sanduku la fyuzi, ndipo uishuku yenyewe. Msimbo wake wa kawaida ni P0A08.

Kusoma misimbo vizuri

Kile kifaa kidogo cha bluetooth kinachosoma kwenye simu kinakupa herufi na namba nne tu, kwa mfano P0AA6. Kwenye Toyota hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni namba tatu za ziada, zinazosomwa na Techstream, programu ya Toyota ya kupima magari, au skana nzuri inayoingia kwenye kompyuta ya haibridi yenyewe. Bila hizo namba tatu unapapasa gizani.

Hii ndiyo utakayokutana nayo mara kwa mara:

P0A93 ni upoozaji wa inverta. Ikiambatana na 346, anza na pampu ya maji.

P0A94 ni sehemu ya kupandisha volti.

P0A78 ni inverta ya MG2, ile ya magurudumu. P0A7A ni inverta ya MG1, ile ya jenereta. Hii ya pili ina tabia yake: gari linaweza kutembea kidogo kwa betri, lakini injini haiwezi kuwashwa, na chaji ikiisha linasimama.

P0A3F ni sensa inayosoma mota ya MG2 imegeukia wapi. Nimeiweka hapa kwa sababu sensa hiyo ikidanganya, inverta inapeleka umeme kwa wakati usio wake, gari linatetemeka na kukosa nguvu, na mtu anailaumu inverta.

P0AA6 ni umeme mkubwa kuvujia bodi. Namba zake za ziada zinaonyesha eneo: 611 ni upande wa kompresa ya AC, 612 betri kubwa, 613 gia boksi na mota, 614 kebo za DC na inverta. Ikiwa ni 526 peke yake, kompyuta inakwambia uvujaji upo lakini haijajua ni wapi.

Andika kila msimbo kwenye karatasi pamoja na data iliyogandishwa wakati hitilafu ilipotokea: mwendo, volti, joto. Usifute kwanza. Ile data iliyogandishwa ndiyo shahidi pekee aliyekuwepo, na gereji nyingi humfukuza ndani ya dakika ya kwanza.

Upoozaji, chanzo kikubwa cha vifo vya inverta

Inverta ina maji yake ya kupozea na kopo lake, mbali na ya injini. Kwenye Prius ya kizazi cha pili pampu ya umeme inayoyazungusha ilisumbua kiasi kwamba Novemba 2012 Toyota iliyaita magari yarudi kurekebishwa kwa ajili yake.

Gari likiwa la baridi, fungua kopo la maji ya inverta. Angalia kiwango na rangi. Maji yanayotakiwa ni ya waridi, ya Toyota ya muda mrefu. Ukiona maji ya kutu, au ya kijani yaliyochanganywa, au maji ya bomba matupu, hapo una jambo la kurekebisha hata kama siyo lililowasha taa. Maji ya kisima yenye chumvi yanaacha utando kwenye njia nyembamba zilizo chini ya transista, na utando huo huuoni kutoka nje.

Sasa weka gari READY ukiangalia ndani ya kopo. Kwenye Prius ya pili maji yanapaswa kutikisika na kuzunguka waziwazi. Yakitulia kabisa, pima umeme kwenye konekta ya pampu. Volti 12 zipo na hasi ni nzima lakini pampu haizunguki: pampu imekufa, na ni rahisi mno ukilinganisha na inverta. Volti hazipo: rudi kwenye fyuzi na relei. Kwenye kizazi cha tatu na Aqua pampu inaongozwa kwa ishara ya kompyuta, kwa hiyo kuwepo kwa volti 12 hakutoshi kuihukumu. Tumia skana kuiamuru izunguke, uisikilize na kuigusa.

Pampu ikizunguka na joto bado linapanda, kuna mambo mawili. La kwanza ni hewa iliyonaswa. Mtu alibadilisha maji akajaza kopo tu, hewa ikabaki juu ya inverta. Itoe kwa kufuata njia ya gari husika, ukiiendesha pampu na kuongeza maji mpaka mapovu yaishe. La pili ni rejeta. Magari yanayokwenda shamba kwenye murramu hujaza vumbi na matope mbele, na rejeta ya inverta inazibwa nje huku ndani ikiwa safi. Ioshe kwa maji ya nguvu ndogo kutoka nyuma kuja mbele.

Kusoma gari likitembea

Skana ikiwa imechomekwa na mwenzako akiendesha, wewe fuatilia namba. Dereva asisome, wewe usiendeshe.

Tazama joto la inverta ya MG1, la MG2 na la sehemu ya kupandisha volti. Yote yakipanda pamoja kwa haraka, rudi kwenye upoozaji. Moja likipanda peke yake huku mengine yametulia, shida iko kwenye kipande hicho au sensa yake. Asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha, joto lote linapaswa kukaribiana na la hewa. Sensa moja ikisema 70 wakati gari ni la baridi, ni mwongo.

Tazama VL na VH. VL ni volti kabla ya kupandishwa, yaani karibu na za betri; VH ni baada ya kupandishwa. Ukikanyaga mafuta VH lazima ipande juu ya VL. Ikikataa kabisa, sehemu ya kupandisha ndiyo ya kushukiwa, na mara nyingi P0A94 iko palepale. Gari likiwa limetulia bila kupandisha volti, hizo mbili zikaribiane. Zikitofautiana sana wakati hakuna kazi, shuku sensa ya volti.

Ukisikia relei kubwa zikilia “tak, tak” nyuma kisha zinaachia, mfumo umejaribu kujaza kapasita ukaona hatari, ukajikata. Heshimu uamuzi huo. Usiwashe na kuwasha tena ukitumaini itashika.

Hapa niseme kuhusu Prius ya kizazi cha tatu. Februari 2014 Toyota iliita magari yapatayo milioni 1.9 duniani, zaidi ya nusu yakiwa Japani, kwa sababu programu iliyoongoza upandishaji wa volti iliweza kuzipasha transista joto hadi ziharibike. Oktoba 2018 ikaita tena magari milioni 2.4, yakiwemo ya Auris, kwa kuwa hitilafu ikitokea gari lingeweza kuzima badala ya kuingia hali ya dharura. Gari lililotoka Japani huenda lilirekebishwa, huenda halikurekebishwa. Namba ya chasisi inaweza kutafutwa kwenye tovuti ya Toyota ya Japani. Fanya hivyo kabla ya kununua gari, na kabla ya kufunga inverta nyingine kwenye programu ileile ya zamani.

Umeme unaovujia bodi

P0AA6 ndiyo inayochanganya watu zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Umeme mkubwa wa gari hili haugusi bodi kabisa, chanya wala hasi. Kompyuta inapima muda wote kama umeanza kuvuja. Kuvuja kunaweza kutoka betri, kompresa, mota, kebo au inverta, na inverta ni mmoja tu kati ya watano. Kuibadilisha kwa sababu ya P0AA6 pekee ni kupoteza fedha za mtu.

Ukipata 611, uliza habari za AC. Kompresa ya umeme inatumia oili ya ND-11, isiyopitisha umeme. Mafundi wengi wa AC wanaijua oili moja, PAG, na kiasi kidogo kilichobaki kwenye mpira wa mashine yao kinatosha kuharibu kinga ya umeme ndani ya kompresa. Dalili ni kwamba taa inawaka baada ya AC kuwashwa.

Ukipata 613, uliza oili ya gia boksi. Inatakiwa ATF WS. Waya za mota zinaoga kwenye oili hiyo, kwa hiyo si jambo la ulaini wa gia tu. Oili nyingine, au maji yaliyoingia kwenye mafuriko, yanashusha kinga.

Baada ya kukata umeme kwa utaratibu wa juu, tenganisha kebo tatu za kila mota kutoka kwenye inverta, uzipime kwa mega, yaani kipima kinga ya umeme, ya volti 500 kati ya kebo na bodi. Linganisha na megaohm zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari husika. Ukipata chini ya hapo, shida iko kwenye mota au kebo yake, na inverta mpya haitasaidia. Pima upande wa mota tu. Mega isielekezwe ndani ya inverta: volti 500 zako zinaweza kuiua inverta iliyokuwa nzima.

Kebo zenyewe zikague kwa macho urefu wake wote. Panya wa Kampala hawajali rangi ya chungwa.

Kuipima inverta yenyewe

Umefika hapa kwa sababu betri ndogo ni nzima, upoozaji ni mzima, mota haivuji, na misimbo bado inasema P0A78, P0A7A au P0A94. Sasa inverta inastahili kupimwa.

Umeme umekatwa, dakika 10 zimepita, 0 imethibitishwa. Kebo za mota zimetolewa na kebo ya betri kubwa imetolewa. Weka mita kwenye alama ya dayodi. Ncha nyekundu iweke kwenye hasi ya umeme mkubwa, nyeusi kwenye fezi ya kwanza ya MG1. Utasoma 0.3 hadi 0.5 hivi. Endelea na fezi ya pili na ya tatu, kisha tatu za MG2. Zote sita zifanane. Geuza ncha: nyeusi kwenye hasi, nyekundu kwenye fezi. Sasa mita isisome kitu, au namba ipande taratibu. Kupanda huko ni kapasita zikijaa kutoka kwenye mita, siyo ubovu.

Fezi inayosoma karibu na 0 pande zote mbili ina transista iliyotoboka. Fezi isiyosoma kitu wakati wenzake wanasoma 0.4 imekatika ndani. Pima pia fezi kwa fezi, U na V, V na W, W na U. Shoti yoyote hapo ni hukumu.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Kinashika inverta iliyotoboka, lakini transista iliyochoka inayoshindwa ikipata moto tu inaweza kupita salama. Kwa hiyo kama dayodi zote ni nzuri na msimbo unarudi mlimani, rudi kwenye data iliyogandishwa, uikague sensa ya mota na konekta zake, ukaze nati za kebo za fezi kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu. Nati iliyolegea inachoma, na utaiona: shaba imebadilika rangi.

Kuvuta gari hili

Inverta ikiwa imeshoti, usilivute gari kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, ingawa ndiyo kawaida ya mjini. Mota ina sumaku za kudumu. Gurudumu likizunguka inazalisha umeme ambao unaingia kwenye ile shoti. Magurudumu ya mbele yanyanyuliwe, au gari lipakiwe lote.

Ukilazimika kununua

Nenda na inverta ya zamani mkononi. Linganisha namba iliyoandikwa kwenye lebo, inayoanza na G92, tarakimu kwa tarakimu, siyo umbo. Za Prius ya pili, ya tatu na Aqua haziingiliani, na hata ndani ya kizazi kimoja kuna tofauti. Angalia matundu ya maji: ukiona kutu au utando mweupe, iache. Angalia pini za konekta ndogo kama zimepinda. Kisha, kabla ya kutoa pesa, pima dayodi palepale juu ya meza ya muuzaji, fezi zote sita, ukianza na kuhakikisha kwamba kapasita ziko 0. Muuzaji mwenye mali nzuri hatakataa, na akikataa umepata jibu.

Ukiifunga, jaza maji mapya, toa hewa, rudisha kila kifuniko na skrubu yake maana saketi ya usalama inavipitia, rudisha plagi hadi mwendo wake wa mwisho, halafu betri ndogo. Futa misimbo, ingia READY, acha gari litulie huku ukisoma joto.

Ndipo ulipandishe mlima. Tank Hill ya Muyenga inatosha kwa Kampala: panda, shuka, panda tena, AC ikiwa imewashwa, mwenzako akiendesha na wewe ukisoma VH na joto tatu. Liache gari lilale, usome misimbo tena asubuhi kabla halijawashwa, kwa sababu baadhi ya hitilafu huandikwa kimyakimya kwa mara ya kwanza na kuwasha taa mara ya pili. Karatasi ya vipimo, yaani volti za betri ndogo, VL, VH, joto la mlimani, megaohm za kila mota, kilomita na tarehe, mpe mwenye gari aiweke ndani ya gari, ili fundi atakayelifungua baadaye, awe Mbarara au Arua, ajue pa kuanzia.